Maulana Muhammad Ali, Mhariri Aliyezikwa Quds

Nilipokuwa mtoto wa chuo, mtaani kwetu Mji wa Kale, Mombasa, palikuwa na fundi mshoni wa Kihindi, mzee aliyepita miaka themanini, ambaye ndiye aliyekuwa akitushonea kanzu za Idi. Ukutani juu ya cherehani yake alitundika picha ya watu wawili wenye ndevu, wamevaa majoho mapana na kofia za manyoya zenye alama ya mwezi mwandamo. Sisi watoto tulidhani ni jamaa zake. Siku moja nilimwuliza. Mzee aliacha kukanyaga cherehani, akanieleza kuwa hao ni ndugu wawili, Shaukat Ali na Muhammad Ali, na kwamba yeye mwenyewe alipokuwa kijana Karachi, mwaka 1921, alisimama nje ya jumba la Khaliqdina pamoja na umati wa watu walipokuwa wakishitakiwa. Yule mkubwa zaidi wa mwili ni Shaukat, akasema. Yule wa pili alikuwa mtu wa gazeti.

Nilisikia nikasahau, kama watoto wasahauvyo. Kilichonirudishia habari ile ni jambo lililonipata mimi mwenyewe miaka michache iliyopita. Niliandika makala juu ya wasichana wetu wa pwani wanaokwenda kutumika majumbani katika nchi moja ya ng'ambo, na mambo yanayowapata huko. Makala yalikwisha pangwa ukurasani. Jioni mhariri (simtaji yeye wala gazeti lake) akaniita akanieleza kwa upole kuwa ubalozi umepiga simu. Hakusema nimeongopa. Alisema tu kwamba wakati haufai. Niliporudi nyumbani usiku ule ndipo ilipokuja akilini picha ya fundi wetu, nikaanza kutafuta habari za yule mtu wa gazeti.

Muhammad Ali alizaliwa tarehe 10 Desemba 1878 katika mji wa Rampur, dola ndogo ya Nawabu kaskazini mwa Bara Hindi. Baba yake alifariki naye bado mtoto mdogo wa kubebwa. Mama yake, Abadi Bano Begum, ambaye baadaye nusu ya Bara Hindi ilimwita Bi Amman, alibaki mjane kijana na hakuolewa tena. Bibi huyu hakupata elimu ya skuli, lakini alikata shauri kuwa wanawe wataipata. Jamaa aliyesimamia mali ya mayatima alikataa kutoa fedha, kwani aliona elimu ya Kizungu ni njia ya kuwatoa watoto katika dini. Bi Amman hakubishana naye. Alimtuma mtumishi wake kwa siri akaweke rehani mapambo yake ya dhahabu, na watoto wakaenda skuli. Mimi nikisoma maisha ya mtu mashuhuri hupenda kujua nani alilipa ada, na mara nyingi hukuta bangili za mama.

Kijana alisoma Aligarh, kisha mwaka 1898 akapelekwa Uingereza, katika chuo cha Lincoln huko Oxford, akasoma tarikhi. Aliufanya mtihani wa kuingia katika utumishi mkubwa wa Serikali ya Bara Hindi akaanguka. Lau angepita, huenda angekuwa hakimu wa wilaya mwenye kofia ya jua, na leo hatungekuwa na la kusimulia. Alirudi kwao akafanya kazi ya elimu Rampur, halafu akaajiriwa na mfalme wa Baroda, na mojawapo ya kazi alizozishika huko ilikuwa katika idara ya kasumba. Mwaka 1910 aliiacha kazi ya watu, akahamia Calcutta, ambao wakati ule ulikuwa ndio mji mkuu, na tarehe 14 Januari 1911 akatoa gazeti lake la kila juma kwa lugha ya Kiingereza. Aliliita Comrade, yaani sahibu.

Msomaji asidhani kuwa mtu huyu alianza kama mpinzani wa Waingereza. Alikuwa mwenye mahaba nao. Alivaa suti za London, alikizungumza Kiingereza kuliko Waingereza wengi, na alikuwa miongoni mwa waliokutana Dhaka mwezi wa Desemba 1906 kuunda Muslim League, chama ambacho siku zile kilijigamba kwa utiifu wake. Gazeti lake lilipigwa chapa kwenye karatasi nzuri ya ghali, lilijaa mzaha na kejeli za kisomi, na wakubwa wa Serikali walilisoma kwa furaha. Alikuwa na kasoro moja kubwa ya uandishi: hakujua kuandika kifupi. Akianza habari haishi, na nadhani wapangaji herufi wake walimlaani kimoyomoyo.

Mwaka mmoja kabla ya Comrade kuzaliwa, Serikali ya Bara Hindi ilikuwa imepitisha Sheria ya Magazeti ya 1910. Inafaa niieleze kidogo, kwani ndiyo iliyomfuata mtu huyu kama kivuli. Sheria ile haikuweka mkaguzi wa kusoma gazeti kabla halijatoka. Ilikuwa na werevu zaidi ya huo. Ilimtaka mwenye kiwanda cha kupigia chapa aweke dhamana ya fedha kwa Serikali, baina ya rupia 500 na 2,000. Akiandika neno lisilopendeza, dhamana inachukuliwa, naye akitaka kuendelea ataweka nyingine, ambayo yaweza kufika rupia 10,000. Akikosa tena, zinakwenda fedha na mitambo pia. Basi kila mhariri alikuwa na mkaguzi wake ndani ya kifua, naye hakulipwa mshahara na mtu. Sheria hiyo ilikuwa pana mno: neno lolote lenye kuelekea kuleta chuki kwa Serikali, au kwa tabaka lolote la raia wa Mfalme, likisemwa wazi au kwa fumbo, liliingia ndani yake.

Kisha yakatokea mambo mbali na Bara Hindi. Mwezi wa Septemba 1911 Wataliana waliivamia Tarabulus, na Oktoba 1912 dola nne za Balkani zilimshambulia Mturuki. Wasomaji wa pwani hawana haja ya kuelezwa uzito wa jambo hili kwa Mwislamu wa zama zile. Sultani wa Istanbul ndiye aliyeitwa Khalifa na ndiye aliyekuwa mlinzi wa Haramu mbili. Kila juma Comrade lilileta habari za miji iliyoanguka na wakimbizi waliojaa njiani. Muhammad Ali alikusanya michango, na Daktari Ansari akaongoza kikundi cha matabibu kilichotoka Bara Hindi kwenda kutibu majeruhi wa Kituruki. Mji mkuu ulikuwa umehamishwa, naye akalihamisha gazeti lake Delhi mwaka 1912. Mwaka uliofuata akaanzisha jingine kwa lugha ya Kiurdu, akaliita Hamdard, maana yake ni mwenye kushirikiana nawe katika uchungu. Hilo alitaka lipigwe chapa kwa herufi za risasi za naskh, kama tunazozijua sisi katika misahafu na vitabu vyetu, lakini wasomaji wa Kiurdu waliozoea maandishi ya kulalia ya mkono walilalamika, wakasema yanawaumiza macho.

Hapo ndipo gazeti lilipogeuka kuwa jambo la mabalozi. Uingereza ilikuwa na raia Waislamu zaidi ya milioni 60 katika Bara Hindi peke yake. Lakini Uingereza hiyo hiyo mwaka 1907 ilikuwa imepatana na Urusi, na Urusi ndiye aliyekuwa mlezi wa mataifa ya Balkani. London ilitangaza kuwa haimo katika vita vile. Na aliyekuwa akiitawala Bara Hindi kwa niaba ya Mfalme, Lord Hardinge, hakuwa askari wala mtu wa kodi. Alikuwa mwanadiplomasia kwa kazi yake: alikuwa balozi katika mji mkuu wa Urusi, halafu katibu mkuu wa wizara ya mambo ya nchi za nje wakati mapatano yale yalipofanywa. Mtu kama huyu akilisoma gazeti la Delhi halioni kama gazeti la Delhi. Huwaza litasomekaje katika miji mikuu mingine. Akiwaacha Waislamu waseme, marafiki wa Ulaya watauliza kwa nini raia wa Mfalme wanawatukana. Akiwaziba midomo, hao milioni 60 watauliza Serikali yao iko upande wa nani.

Mwaka 1913 Muhammad Ali alipokea kijitabu kutoka Uturuki kilichoandikwa kwa Kiingereza. Kilieleza mauaji na mateso waliyotendwa Waislamu wa Makedonia na majeshi ya Balkani. Jina lake lilichukuliwa katika kitabu cha Wakristo, ile habari ya Paulo kumwona ndotoni mtu wa Makedonia akimwita avuke aje kuwasaidia. Ajabu ya kijitabu hiki ni kwamba hakikuwa wito wa jihadi. Kilielekezwa kwa Waingereza wenyewe, kuwaomba Wakristo wa Uingereza waingilie kati wazuie dhuluma. Muhammad Ali aliona ni haki wasomaji wake wakijue. Serikali ikatoa amri ya kukinyakua, kwa hoja kwamba kinaweza kuwachukiza Waislamu dhidi ya Wakristo walio raia wa Mfalme. Polisi wakamwendea, akawapa nakala alizokuwa nazo, kisha akaenda mahakamani.

Kesi ilisikizwa na majaji watatu wa Mahakama Kuu ya Calcutta, wakiongozwa na Jaji Mkuu Sir Lawrence Jenkins. Nimeirudia hukumu ile mara kadhaa, na kila mara inanishangaza. Jaji Mkuu aliona kuwa kijitabu si cha uasi. Aliona pia kuwa amri ya Serikali ilikuwa na ila, kwani haikueleza sababu kama sheria yenyewe ilivyotaka. Lakini sheria iyo hiyo iliifungia mahakama isiweze kuichunguza ila hiyo, na ilimlazimu mwenye kulalamika athibitishe kuwa maneno hayawezi kwa njia yoyote kuleta chuki, jambo ambalo hakuna mja awezaye kulithibitisha. Ombi likakataliwa. Jaji Mkuu akaongeza, kwa maana yake, kuwa Muhammad Ali amekipoteza kitabu chake lakini sifa yake imebaki safi. Mawakili katika Bara Hindi waliitaja hukumu hiyo kwa miaka mingi kila walipotaka kuonyesha ubaya wa Sheria ya 1910.

Nafikiri siku ile ndiyo iliyombadilisha. Alikwenda mahakamani kama Mwingereza mweusi mwenye imani na majaji wa Kiingereza. Majaji walikuwa waadilifu kweli, tena walikiri kuwa hana kosa, na bado hawakuweza kumrudishia kitu.

Majuma hayo hayo ulikuwako ugomvi wa msikiti wa Kanpur, ambao sehemu yake ya kutawadhia ilibomolewa na Serikali ili barabara ipite, na watu wakauawa kwa risasi za polisi tarehe 3 Agosti 1913. Muhammad Ali na katibu wa Muslim League, Wazir Hasan, walipanda meli kwenda London kueleza hali ya Waislamu. Waziri mwenye kuisimamia Bara Hindi hakukubali kuonana nao. Hardinge mwenyewe ndiye aliyekwenda Kanpur mwezi wa Oktoba akalisuluhisha jambo la msikiti, nami namhesabia hilo kuwa wema. Hata hivyo Comrade liliendelea kuwekwa jicho.

Vita vikuu vilipoanza Agosti 1914, Uturuki ilikuwa bado haijachagua upande. Gazeti la The Times la London likaandika makala ya kuionya Uturuki. Muhammad Ali akaketi kumjibu, na mwenyewe alisimulia kuwa aliandika kwa muda wa saa 40 bila kulala, kwa nguvu za kahawa. Jawabu lake lilitoka katika Comrade la tarehe 26 Septemba 1914, nalo, kama ilivyo desturi yake, lilikuwa refu kama safari ya jahazi pepo zikilala. Aliorodhesha yote ambayo Mturuki angeweza kumdai Mwingereza: habari ya Misri, na zile manowari mbili ambazo Waturuki walizilipia kwa michango ya watu na Uingereza ikazizuia kwa ajili yake yenyewe katika mwezi ule ule wa Agosti. Lakini shauri aliloishia nalo ni kwamba Waturuki wasiingie vitani. Alikwisha hata kupeleka simu Istanbul kuwasihi hivyo.

Basi hapa nawaomba wasomaji wangu wakae kidogo na jambo hili. Mtu aliandika kutaka amani baina ya Khalifa wake na Mfalme wake. Wazungu wengine walikuwa wameyataja malalamiko yale yale ya Waturuki. Ila katika gazeti la Delhi, yakitoka kwa Mwislamu, yalikuwa hatari, kwa kuwa yalikuwa kweli. Uongo ungekanushwa kwa sentensi moja. Dhamana ya Comrade ikachukuliwa mwanzo wa Novemba, na gazeti likanyamaza.

Sisi wa pwani yatupasa tuujue mwezi huo. Ni siku zile zile ambapo meli zilizopakia askari wapatao 8,000 kutoka Bara Hindi zilielekea kwetu. Mkuu wao alipitia Mombasa mwisho wa Oktoba, kisha wakateremshwa Tanga, na baina ya tarehe 2 na 5 Novemba 1914 Wajerumani na askari wao Waafrika wakawapiga vibaya mno. Tarehe 5 Novemba, ndipo Uingereza ilipotangaza vita na Uturuki. Miongoni mwa waliokuja kufa katika mashamba ya Tanga walikuwamo Waislamu, na mhariri aliyethubutu kuwaandikia juu ya Khalifa na vita hivi alikuwa amekwisha fungwa mdomo. Hofu ya Serikali ilikuwa na sababu yake, sikatai. Nani angependa askari wake wasome vile na bunduki mkononi?

Mwezi wa Mei 1915 yeye na Shaukat waliondolewa Delhi wakawekwa kizuizini bila ya mashitaka, kwanza Mehrauli, halafu Lansdowne mlimani, halafu Chhindwara katikati ya nchi. Walikaa hivyo hadi mwisho wa 1919, na miezi ya mwisho wakatiwa gerezani Betul. Huko kizuizini ndiko mtu huyu wa Oxford alikoisoma Kurani kwa mara ya kwanza kwa kuifuatia maana yake, na umri wake umepita miaka 36. Sisi tuliochapwa viboko juu ya mkeka ili tuihifadhi tukiwa na miaka saba huenda tukamcheka. Mimi sikucheka. Wengi wetu tuliihifadhi maneno yake, na tafsiri tukaiahirisha mpaka leo. Huko pia ndiko alikotunga mashairi yake mengi ya Kiurdu, kwa jina la utunzi la Jauhar, ambalo sisi twaliita johari. Mwandishi aliyekatazwa nathari hukimbilia ushairi. Mshairi mwenzangu yeyote wa pwani analijua hilo, kwani fumbo halina dhamana ya kunyakuliwa.

Mwaka 1917 Serikali ilitaka kuwaachia kwa sharti watie saini ahadi ya kunyamaza. Mjumbe alipokwenda Chhindwara, Bi Amman alizungumza naye kutoka nyuma ya pazia. Alimfahamisha kuwa wanawe wakikubali masharti yasiyolingana na dini yao, basi mikono yake, ijapokuwa mizee, ina nguvu ya kutosha kuwanyonga. Mjumbe akarudi na jawabu hilo. Mwezi wa Desemba mwaka huo Muslim League ilimchagua Muhammad Ali kuwa rais wa mkutano wake wa Calcutta naye yu kizuizini. Kiti kikawekwa kitupu na picha yake juu yake, na mama ndiye aliyesema mbele ya wanaume.

Baada ya kufunguliwa hakupumzika. Machi 1920 aliongoza ujumbe wa Ukhalifa London, akaonana na waziri mkuu Lloyd George, akarudi mikono mitupu. Alishirikiana na Gandhi katika kuisusia Serikali, akawa mkuu wa kwanza wa chuo cha Jamia Millia kilichofunguliwa Aligarh mwezi wa Oktoba 1920, na mwaka 1921 katika mkutano wa Karachi likapitishwa azimio kuwa ni haramu kwa Mwislamu kutumika katika jeshi la Kiingereza. Kwa hilo alihukumiwa kifungo cha miaka miwili pamoja na kaka yake na wengine, na ndiyo kesi aliyoihudhuria fundi wetu barabarani. Gerezani, mwaka 1923, alianza kuandika maisha yake kwa Kiingereza. Hakuyamaliza, bila shaka kwa sababu ile ile ya kutojua kufupisha, na kipande kilichobaki kilichapishwa mwaka 1942.

Kisha likaja pigo ambalo hakuna mkaguzi angeweza kulibuni. Mwishoni mwa 1923 Aga Khan na Ameer Ali walimwandikia waziri mkuu wa Uturuki barua ya kuutetea Ukhalifa. Barua ikatoka katika magazeti ya Istanbul kabla hajaipokea, na Serikali mpya ya Kituruki ikawashitaki wahariri walioichapa, ijapokuwa waliachiliwa. Tarehe 3 Machi 1924 Waturuki wenyewe waliufuta Ukhalifa. Kitu alichokitetea mpaka akafilisika na kufungwa kiliondolewa na wale wale aliokuwa akiwatetea, nao pia wakawatia wahariri kizimbani kwa ajili ya barua kutoka ng'ambo. Mwaka huo huo alifiwa na binti yake Amina kwa ugonjwa wa kifua, na mwezi wa Novemba akamzika mama yake.

Alilifufua Comrade mwishoni mwa 1924, lakini lilijikokota tu hadi Januari 1926 likafa kwa ukata. Sitamficha msomaji aibu zake: alikuwa mwepesi wa hasira, fedha hazikukaa mkononi mwake, na aligombana na karibu kila rafiki, akiwemo Gandhi. Mwaka 1928 alitengana kabisa na chama cha Congress, ambacho miaka mitano nyuma yeye ndiye aliyekuwa rais wake. Ugonjwa wa sukari ulikuwa ukimla taratibu.

Mwaka 1930 aliitwa katika mkutano mkubwa wa London juu ya mustakabali wa Bara Hindi. Madaktari walimkataza safari, akaenda karibu abebwe. Mwezi wa Novemba alisimama mbele ya mawaziri wa Kiingereza akawaeleza kuwa hatarudi katika nchi ya utumwa. Ama wampe uhuru wa kurudi nao, ama wampe kaburi huko huko. Wengi walidhani ni maneno ya jukwaani ya mtu aliyezoea kusema sana. Tarehe 4 Januari 1931 alifariki London, na umri wake miaka 52.

Ndugu zake waliona asizikwe Uingereza. Mufti wa Quds, Hajj Amin al-Husseini, alitoa mahali katika Haramu tukufu, upande wa magharibi, katika madrasa kongwe ya Khatuniyya. Shaukat alisafiri na jeneza kwa bahari, na Ijumaa ya tarehe 23 Januari 1931 akazikwa huko mbele ya maelfu ya watu.

Miezi mitano baadaye, Juni 1931, aliletwa maiti mwengine akazikwa katika madrasa ya jirani, iitwayo Arghuniyya. Huyo alikuwa Sharif Hussein wa Makka, ndiye aliyemwasi Khalifa wa Kituruki mwaka 1916 kwa fedha na bunduki za Waingereza, na ambaye Muhammad Ali alimshambulia kwa kalamu na kwa ulimi miaka mingi. Wamelala jirani, ukuta baina yao.

Mshoni wetu alifariki zamani, na duka lake sasa linauza simu za mkononi. Picha sijui ilikwenda wapi. Jamaa yangu mmoja alipojaaliwa kuzuru Quds nilimwagiza amsomee fatiha yule mhariri. Aliporudi aliniambia kuwa amezisoma mbili, moja katika kila kaburi, kwani hakukumbuka nilimtaja yupi kati ya wale wawili, na hakutaka kumkosea mtu.